Old Sarum, jimbo la kilima kitupu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaokutana na jina la Old Sarum hukutana nalo kama kichekesho: kilima cha malisho kilichokuwa na wabunge wawili na wakazi sifuri. Kichekesho hicho ni cha kweli, lakini mtu akiishia kucheka hulikosa jambo lenyewe. Pale hapakuwa na masanduku yaliyojazwa usiku wala daftari lenye majina ya marehemu. Mambo yote yalifuata sheria, na ndiyo maana jimbo lilidumu mamia ya miaka.

Old Sarum ni wapi?

Ni kilima cha kusini mwa Uingereza, katika kaunti ya Wiltshire, umbali wa kilomita tatu hivi kaskazini mwa katikati ya mji wa Salisbury. Ukikitazama kutoka chini unaona mahandaki mawili ya duara, moja ndani ya jingine. La nje lilichimbwa na watu wa Zama za Chuma kabla ya Warumi kufika. La ndani ni la Wanormani, waliojenga ngome yao hapo mara baada ya kuivamia Uingereza mwaka 1066. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1086, Mfalme William aliwaita wenye ardhi wakubwa wa nchi nzima wakutane mahali hapo wamwapie utii. Kwa hiyo siku zake kilima hiki kilikuwa mahali pazito.

Mji ulikuwepo kweli, au ni hadithi?

Ulikuwepo. Palikuwa na ngome, kanisa kuu, nyumba za makasisi, na wenyeji waliojenga ndani na nje ya kuta. Kanisa kuu liliwekwa wakfu Aprili 1092, na siku tano tu baadaye dhoruba ikalivunja sehemu. Waliokaa pale walilalamikia mambo yaleyale kizazi baada ya kizazi: upepo, uhaba wa maji, na wanajeshi wa ngome waliowabana makasisi hadi wakashindwa kuingia kanisani mwao wenyewe. Mwishowe askofu Richard Poore akapata ruhusa ya Papa ya kuhama. Jiwe la kwanza la kanisa jipya liliwekwa mwaka 1220 bondeni, kwenye maji na nafasi. Hilo ndilo kanisa kuu la Salisbury la leo, lenye mnara wa mita 123.

Kanisa lilipohama, soko nalo likahama, na watu wakalifuata soko. Kanisa la zamani lilibomolewa na mawe yake yakateremshwa bondeni kujengea. John Leland, aliyepita hapo zama za Mfalme Henry VIII akiandika habari za nchi, alikuta hakuna hata nyumba moja inayokaliwa, ndani wala nje ya kuta.

Sasa wabunge walitoka wapi?

Hapa tarehe ni muhimu. Old Sarum iliitwa kupeleka wajumbe wawili bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1295, enzi ya Mfalme Edward I. Hesabu mwenyewe: kanisa jipya lilikwisha kuanzwa miaka sabini na mitano nyuma. Maana yake jimbo lilizaliwa wakati mji wake uko njiani kufa. Baada ya hapo mwito ulikatika kwa muda, kisha katika karne ya 14, wakati wa Edward III, ukarudi na kutulia. Tangu hapo hadi 1832 wakawa wawili, kila Bunge.

Wakati huo kuitwa bungeni haikuwa heshima ya kugombewa. Ilikuwa gharama: wajumbe walisafiri, wakala, wakalala, na mji ndio uliolipa. Miji mingi iliona afadhali isahaulike. Karne zilivyopita kiti cha Bunge kikapata thamani, na jina lililokwisha kuandikwa kwenye orodha halikufutwa. Hakukuwa na chombo chochote chenye kazi ya kuuliza kama mji fulani bado una watu. Na mji wa Salisbury wenyewe, kule bondeni, ulikuwa na wabunge wake wawili pia. Kwa hiyo waliohama walipata uwakilishi walikohamia, na mahame yakabaki na wake.

Nani alikuwa na haki ya kupiga kura Old Sarum?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake halihusu kilima tu.

Uingereza ya wakati ule haikuwa na sheria moja ya mpiga kura. Katika kaunti, alipiga kura mwanamume mwenye ardhi yake inayompa shilingi arobaini kwa mwaka. Mijini, kila mji ulikuwa na desturi yake: mahali pengine walipa kodi, pengine waliosajiliwa kama wenyeji huru wa mji, pengine baraza la mji peke yake. Kulikuwa pia na miji ambayo kura ilifungwa kwenye kiwanja. Kulikuwa na viwanja maalumu vya kale, na yeyote aliyekimiliki kimojawapo alikuwa mpiga kura. Hakuhitaji kuishi pale wala nyumba kuwepo. Kiwanja kikigeuka shamba la ngano, haki ya kura ilibaki ndani ya udongo uleule.

Old Sarum ilikuwa ya namna hiyo. Mwaka 1831 wapiga kura walikuwa 11, wote wakiishi kwingine. Viwanja vyote vilikuwa vya mtu mmoja, naye aliwagawia watu wake wa kuaminika kwa ajili ya uchaguzi.

Watu wanaposema tatizo la Old Sarum lilikuwa ukosefu wa watu, huwa ninawaelekeza bondeni. Salisbury ilikuwa na maelfu ya watu, wafumaji na wachuuzi na mafundi, na bado wabunge wake walichaguliwa na meya na wajumbe wa baraza la mji, watu hamsini hivi basi. Mji uliojaa watu na kilima kisicho na mtu vilitofautiana kidogo sana katika hesabu ya kura.

Siku ya uchaguzi ilikuwaje?

Ilianza London. Hati ya mfalme ya kuitisha uchaguzi ilitumwa kwa sherifu wa Wiltshire, naye akaagiza kwa msimamizi wa Old Sarum. Msimamizi huyo, aliyetangaza matokeo, aliteuliwa na mwenye ardhi. Tazama basi: anayemteua msimamizi wa uchaguzi ndiye anayewateua wagombea, na ndiye anayewapa wapiga kura viwanja vya kupigia kura.

Uchaguzi ulifanyika shambani, chini ya mti mkubwa uliokuja kuitwa Mti wa Bunge. Kwa kuwa jengo halikuwepo, walisimamisha hema. Wapiga kura wachache walifika, hati ikasomwa, majina mawili yakatajwa, na kama hakuna mpinzani, wabunge walitangazwa kuwa wamepita. Msomaji wa Tanzania atalitambua hili mara moja: kupita bila kupingwa. Kisha wakaenda kula.

Katika majimbo ya namna hii, kawaida ilikuwa hati za viwanja kukabidhiwa kwa wapiga kura muda mfupi kabla ya uchaguzi na kurudishwa mara ukimalizika. Kwa saa chache mtu alikuwa mmiliki halali wa ardhi, na kwa saa hizohizo raia mwenye sauti. Mwanasheria wa mwenye ardhi ndiye aliyezitunza hati hizo kwa mwaka mzima.

Ni kweli kwamba jimbo liliuzwa na kununuliwa?

Ni kweli, na waziwazi. Mnunuzi mashuhuri ni Thomas Pitt. Alianza maisha yake India kama mfanyabiashara wa kuvizia, akivunja ukiritimba wa Kampuni ya India Mashariki. Kampuni ilimshitaki, ikamsumbua, na mwisho ikaona nafuu imwajiri. Mwaka 1698 akawa gavana wa Madras, mji unaoitwa Chennai leo. Kabla ya hapo, mwaka 1691, alikuwa amekwisha kununua ardhi ya Old Sarum kutoka kwa ukoo wa Cecil, na pamoja na malisho na mashamba akapata viti viwili bungeni.

Akiwa Madras alinunua almasi ghafi ya karati 410 kwa pauni 20,000 na kitu. Akaipeleka London ikakatwa, na mwaka 1717 akaiuza kwa pauni 135,000 kwa Mtemi Philippe wa Orléans, aliyekuwa akiitawala Ufaransa kwa niaba ya mfalme mtoto. Jiwe hilo liko hadi leo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, na Napoleon aliwahi kulivaa kwenye upanga wake. Pitt mwenyewe alibaki akiitwa Pitt wa Almasi. Uvumi kwamba aliipata kwa njia chafu ulimfuata hadi kaburini, akawa analazimika kuukana kwa maandishi.

Baada yake jimbo lilirithiwa kama shamba lolote. Mjukuu wake, naye Thomas, alizongwa na madeni, na uteuzi wa wabunge akaubadilishana na pesa. Mwaka 1802 mrithi wa mwisho, Lodi Camelford wa pili, aliuza mali yote kwa Lodi Caledon kwa pauni 60,000. Ukiwauliza wakati ule kama ardhi ile ya malisho ilikuwa na thamani hiyo, wangekushangaa kwa swali lako. Walinunua viti.

Je, Old Sarum iliwahi kutoa mbunge wa maana?

Iliwahi, tena zaidi ya mmoja. William Pitt Mkubwa, mjukuu mwingine wa gavana, aliingia bungeni kupitia Old Sarum mwaka 1735 akiwa na umri wa miaka 26. Kaka yake alikuwa amechaguliwa majimbo mawili kwa mpigo, akachagua kukaa la pili, na kiti cha familia kikampata mdogo. Pitt alikikalia hadi 1747, akahama walipokosana na kaka huyo kwa sababu za kisiasa. Ndiye aliyeiongoza Uingereza katika Vita vya Miaka Saba, na mwaka 1766 akawa waziri mkuu.

Mtu huyohuyo ndiye aliyesema bungeni, mwaka 1766, kwamba uwakilishi wa miji midogo ni sehemu iliyooza ya katiba, haiwezi kumaliza karne, na isipoanguka yenyewe itabidi ikatwe. Aliijua kwa ndani. Alikosea karne tu.

Mwingine ni Nicholas Vansittart, mbunge wa Old Sarum kuanzia 1802 hadi 1812, aliyekuwa waziri wa fedha mara baada ya hapo na kudumu zaidi ya miaka kumi.

Nimesikia kisa cha lodi aliyetishia kumpeleka mtumishi wake mweusi bungeni. Ni cha kweli?

Kisa hicho kinasimuliwa tangu enzi zile na kinamhusu yuleyule Lodi Camelford wa pili, afisa wa jeshi la maji mwenye hasira za haraka. Mwaka 1801 alimpa kiti cha Old Sarum John Horne Tooke, mwanamageuzi aliyewahi kushitakiwa kwa uhaini mwaka 1794 na kuachiwa. Kasoro ilikuwa moja: Tooke aliwahi kutawazwa kuwa kasisi. Wapinzani wake wakataka atolewe kwa sababu hiyo. Camelford, inasimuliwa, akajibu kwamba wakimkataa mwenye joho jeusi atawapelekea mtu mweusi mwenyewe, mtumishi wake wa nyumbani.

Wengine hukisimulia kisa hiki kama ushahidi wa moyo mpana. Mimi sikisomi hivyo. Camelford alikuwa anawakumbusha wabunge kwamba kiti ni mali yake na anaweza kumkalisha yeyote, akamtumia mtumishi huyo kama tusi. Jina la mtumishi halikumhusu msimuliaji hata mmoja.

Bunge lilipitisha sheria mwaka huohuo kuwazuia makasisi kugombea, likamwacha Tooke amalizie hadi Bunge livunjwe 1802. Sheria hiyo ilikaa vitabuni kwa karne mbili kamili, ikafutwa 2001. Camelford aliuawa kwa risasi mwaka 1804 katika pambano la watu wawili.

Lodi Caledon aliyenunua jimbo ndiye yule wa Afrika Kusini?

Ndiye. Du Pré Alexander, Lodi wa Caledon, Mwairlandi ambaye familia yake ilipata utajiri India, alikwenda kuwa gavana wa Koloni la Rasi mwaka 1807 na kukaa hadi 1811. Mji wa Caledon katika mkoa wa Rasi Magharibi una jina lake. Vivyo hivyo mto Caledon, unaoitwa Mohokare na Wasotho, ambao ni mpaka kati ya Lesotho na Afrika Kusini.

Jambo alilokumbukwa nalo zaidi huko ni amri ya mwaka 1809. Iliwalazimisha Wakhoikhoi kuwa na makazi maalumu yaliyosajiliwa na kubeba pasi kila wanapotoka wilaya moja kwenda nyingine. Aliyekutwa bila pasi alihesabiwa mzururaji, na njia nyepesi ya kupata pasi ilikuwa kuwa na mwajiri wa Kizungu. Wanahistoria wengi huianza hadithi ndefu ya sheria za pasi za Afrika Kusini kwenye amri hiyo au karibu yake. Kwa hiyo kipindi kilekile mtu mmoja alikuwa na sauti mbili katika Bunge la London kwa viwanja visivyokaliwa na mtu, na huku Rasi akiandika kwamba watu waliozaliwa kwenye ardhi yao hawatembei bila karatasi.

Hakuna aliyelalamika kwa miaka yote hiyo?

Walilalamika sana. Mwaka 1765, makoloni ya Amerika yalipokataa kutozwa kodi na Bunge ambalo hawana mjumbe ndani yake, watetezi wa serikali waliwajibu kwamba hata Manchester haina mbunge na inalipa. James Otis wa Massachusetts akarudisha kwamba kama miji hiyo haina wawakilishi, basi ilipaswa kuwa nao. Mwaka 1791 Thomas Paine aliziweka Old Sarum na Manchester bega kwa bega: moja haina hata nyumba tatu na ina wabunge wawili, nyingine ina watu zaidi ya elfu sitini na haina hata mmoja.

William Pitt Mdogo, mtoto wa yule mbunge wa Old Sarum, alipeleka muswada mwaka 1785 akiwa waziri mkuu, wa kuwafuta wabunge wa miji 36 kwa kuwalipa fidia wenye miji hiyo. Ulishindwa kwa kura 248 dhidi ya 174. Vita na Ufaransa ya mapinduzi vilipoanza, kudai mageuzi kukawa karibu sawa na kudai uhaini. Tarehe 16 Agosti 1819 umati wa watu wanaokadiriwa kuwa elfu sitini ulikusanyika uwanja wa St Peter, Manchester, wakitaka uwakilishi. Askari wa farasi wakaingia kwa mapanga. Watu wapatao 15 walikufa, na mamia wakajeruhiwa.

William Cobbett, mwandishi wa wakulima, hakupoteza maneno: alikiita kilima chenyewe kilima kilicholaaniwa.

Waliolitetea jimbo kama hili walikuwa na hoja gani?

Walikuwa nazo, na si busara kuzipuuza. Hoja ya kwanza ilikuwa ya vipaji: kijana hodari asiye na mali wala jina angeingiaje bungeni bila mlezi mwenye jimbo mfukoni? Wakawataja wanasiasa mashuhuri kina Pitt, Burke na Canning. Hoja ya pili: mbunge ni wa taifa zima, hata asiyepiga kura anawakilishwa. Ya tatu ndiyo iliyowauma kweli, kwamba haki hizi ni mali, na serikali ikianza kunyang'anya mali ya lodi leo, kesho itanyang'anya ya nani?

Hoja ya vipaji ina ukweli nusu. Mlango uliomwingiza Pitt uliwaingiza pia shemeji, wadeni na matajiri waliorudi kutoka India, ambao walikaa miaka bila kutoa neno. Na kijana hodari aliyeingia kwa hisani ya mwenye jimbo alijua atatoka kwa njia ileile siku atakayopiga kura asivyopenda bwana wake.

Lilifutwa lini na vipi?

Tarehe 1 Machi 1831 Lodi John Russell alisimama katika Bunge la Makabwela kuwasilisha muswada wa mageuzi. Aliwaomba wafikirie mgeni anayekuja kuona uwakilishi mashuhuri wa Uingereza. Mgeni anapelekwa kwenye kilima kimebomoka, anaambiwa kilima hiki kina wabunge wawili. Anapelekwa kwenye ukuta wa mawe, anaambiwa vilevile. Anapelekwa kwenye bustani isiyo na nyumba, vilevile. Kisha anapelekwa kwenye miji mikubwa yenye viwanda na mashine, na kuambiwa hii haina. Aliposoma orodha ya majimbo yatakayofutwa, upande wa pili waliangua kicheko, wakidhani haiwezekani.

Usiku wa Machi 22 kuamkia 23 muswada ulipita hatua ya pili kwa kura 302 dhidi ya 301. Ukakwama baadaye, Bunge likavunjwa, uchaguzi ukawarudisha wanamageuzi kwa wingi. Tarehe 8 Oktoba 1831 Bunge la Malodi likaukataa kwa tofauti ya kura 41. Hapo nchi ikachafuka. Ngome ya Nottingham ilichomwa moto, na Bristol ikawaka kwa siku tatu. Mei 1832 serikali ilijiuzulu, Wellington, jemadari aliyewahi kuwa waziri mkuu, akajaribu kuunda nyingine akashindwa, na Mfalme William IV akalazimika kukubali kwamba ikibidi atateua malodi wapya wa kutosha kuupitisha. Malodi wa zamani wakaona heri wanyamaze. Sheria ilisainiwa tarehe 7 Juni 1832.

Majimbo 56 yalifutwa kabisa, Old Sarum likiwemo. Mengine 30 yalipoteza mbunge mmoja. Manchester, Birmingham, Leeds na Sheffield zilipata wabunge wawili kila moja.

Kwa hiyo mwaka 1832 watu wote walipata kura?

La, hata karibu. Mijini ilitakiwa nyumba yenye thamani ya kodi ya pauni 10 kwa mwaka. Baada ya sheria, mwanamume mmoja tu kati ya watano hivi ndiye aliyekuwa mpiga kura Uingereza. Wanawake walifungiwa kwa maandishi, maana sheria ilitaja wanaume waziwazi. Wenye majimbo yao mfukoni hawakuisha, kwani baadhi ya miji midogo ilinusurika. Kura iliendelea kupigwa hadharani mbele ya mwenye nyumba wako na mwajiri wako hadi kura ya siri ilipokuja mwaka 1872. Wanaume wote walipata kura 1918, na wanawake kwa masharti sawa na wanaume 1928.

Kwa nini Old Sarum ndiyo inayotajwa, si majimbo mengine?

Kwa sababu inapigika picha. John Constable alikichora kilima hicho kikiwa kitupu chini ya mawingu. Yako mengine ya ajabu vilevile: Gatton huko Surrey lilikuwa bustani ya tajiri, na Dunwich huko Suffolk, bandari iliyokuwa kubwa, ilimezwa na bahari kipande kwa kipande huku wabunge wake wawili wakibaki nchi kavu. Grampound la Cornwall halikungoja 1832. Hongo ilizidi hata kwa viwango vya wakati ule, likafutwa 1821.

Historia hii inawagusa wapi Waafrika Mashariki, ukiacha Caledon?

Kwenye wazo lenyewe la kura kufuata mali. Waingereza waliliacha kwao wakaja nalo huku. Wakenya Waafrika walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, Machi 1957, walikuwa na viti 8, na ilibidi mtu awe na elimu, kipato, mali au utumishi fulani ili aandikishwe. Aliyetimiza masharti mengi alipewa hadi kura tatu peke yake. Tanganyika mwaka 1958 ilikuwa na sharti la kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo, na juu yake ule mtego wa kura tatu uliomlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikaribia kupasuka kwa sababu hiyo kabla Nyerere hajawashawishi wajumbe waingie kwenye uchaguzi hivyohivyo.

Linaweza kutokea tena Uingereza?

Kwa sura ile, hapana. Tangu 1944 kuna tume nne za mipaka, moja kwa kila sehemu ya nchi. Katika mapitio yaliyokamilika 2023, karibu kila jimbo kati ya 650 lilitakiwa kuwa na wapiga kura kati ya 69,724 na 77,062. Visiwa vichache vimeachwa nje ya kanuni: Na h-Eileanan an Iar huko Uskoti ina wapiga kura elfu ishirini na kitu. Lakini hao ni watu, wana nyumba.

Naweza kupatembelea?

Ndiyo. Magofu yanatunzwa na shirika la English Heritage, na basi kutoka Salisbury hufika karibu. Juu utaona misingi ya kanisa la zamani imechorwa kwenye majani. Mti wa Bunge haupo tena, ila kuna jiwe la kumbukumbu pale uliposimama, chini ya kilima, upande wa kijiji cha Stratford-sub-Castle. Wengi hulipita bila kuliona kwa sababu liko nje ya eneo la tiketi.

Wenye jimbo walilipwa fidia?

Hawakulipwa. Pitt Mdogo alitaka walipwe mwaka 1785, na Bunge la Ireland lilipounganishwa na la London mwaka 1800, wenye miji iliyofutwa walipewa pauni 15,000 kwa kila mji. Mwaka 1832 serikali haikutoa hata senti, kwa hoja kwamba kiti cha Bunge ni dhamana na dhamana haina bei. Caledon, aliyetoa pauni 60,000 miaka thelathini nyuma, alibaki na malisho.